Siku Nne za Betri Ndani ya Stoo ya Kahawa

Wewe unayenisikiliza, weka bahari kando kwanza. Nitakusimulia habari za mashua ya mashindano, lakini mashua yenyewe sikuwahi kuiona ikielea. Niliijua ikiwa imekaa juu ya magogo ndani ya stoo ya kahawa, nje kidogo ya mji wa Nyeri, upande ule ambao mlima huonekana wazi asubuhi na kufikia saa nne umeshajifunika mawingu. Mambo ya betri si magumu. Yanataka mtu atulie tu, na kila hatua nitakueleza kwa nini tuliifanya.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi wa umeme wa magari. Nilikaa mtaa wa Skuta, na kila asubuhi nilishuka mjini kutengeneza malori ya chai na pikapu za mboga. Siku moja mzee mmoja mwenye sweta nzito aliingia gereji, akasimama akitazama nikifunga alternata, ile mashine ndogo inayozungushwa na injini ili ijaze betri. Akaniuliza kama nimewahi kufunga umeme kwenye injini isiyosukuma kitu. Nikamtajia mashine ya kusaga posho.

"Hiyo inasaga," akasema. "Yangu itanguruma tu, ndio betri zijae."

Alikuwa fundi injini wa meli za mizigo kwa miaka thelathini. Alipostaafu alirudi kwenye shamba la kahawa la baba yake, lakini hakurudi peke yake. Alikuwa ameona kule Mombasa mashua kuukuu ya mashindano, ubavu mmoja umevunjika, akaipakia kwenye lori akaileta nyumbani. Aliniambia kwamba walipofika mji mdogo wa Kenol dereva alisimama anywe chai, na waliporudi walikuta watu wameizunguka. Mama mmoja muuza ndizi alimwuliza, "Baba, ni mvua gani hiyo mmeambiwa inakuja, na sisi hatujaambiwa?" Majirani nao walipoiona ikiingia shambani wakaiita safina, na jina likabaki.

Wakati aliponitafuta, ubavu ulikuwa umeshazibwa na seremala aliyezoea kutengeneza madawati ya shule. Ilikuwa kazi safi. Kilichobaki ni umeme.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya siku nne: kutoka Mombasa, kuzunguka visiwa mbali na nchi kavu, na kurudi bila kutia nanga popote. Wangekwenda watu wanne, yaani mzee, rafiki zake wawili wa pwani, na bintiye kitinda mimba, msichana wa miaka ishirini na mitatu aliyejifunza kuendesha matanga alipokuwa chuoni Mombasa. Mzee alitaka kwenda. Binti alitaka zaidi. Alikuwa ameupiga msasa ubavu mzima wa mashua ile kwa mikono yake, na viganja vyake vilikuwa kama vya seremala.

Aliyekuwa na neno la mwisho ni mamake. Alikuwa mwalimu mstaafu, na alizungumza taratibu kana kwamba darasa zima linaandika. Siku yangu ya kwanza alikuja mlangoni mwa stoo na kikombe changu cha chai, akaniambia:

"Fundi, mimi sijui mambo ya matanga. Najua kwamba taa zikizima, meli kubwa haitawaona, na redio ikizima hawataweza kumwita mtu. Kwa hivyo mashindano yenu mtayafanya hapa kwanza. Siku nne, ndani ya stoo hii. Nitakuja kuangalia saa ninayotaka mimi. Nikikuta betri zimelala, binti yangu haendi."

"Na mimi?" mzee akauliza.

"Wewe hata nikikataza utaenda."

"Mama, si hata Baba ni mtu, naye anaweza kuzama," binti akasema, na mwalimu akamtazama hadi akarudi kwenye msasa wake.

Basi nielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanza kukosea. Katika lori injini haizimi njiani. Kile taa zinachokula, alternata inakirudisha papo hapo. Dereva anaweza kwenda Kiriaini na kurudi, taa zote zikiwaka, na asifikirie betri hata mara moja. Mashua ya mashindano husukumwa na upepo, na injini hairuhusiwi kuisukuma. Huwashwa kwa muda mfupi tu ili ijaze betri, na dizeli hubebwa kidogo kwa sababu dizeli ni uzito. Kati ya kujaza mara moja na mara nyingine, watu huishi kwa kile kilichomo ndani ya betri, kama familia inayongoja mvua huku ikichota tangini.

Mimi nilifunga betri zote tatu pamoja, kama nilivyozoea kwenye malori. Mzee alikuja na spana akazitenganisha.

"Hii moja ni ya kuwasha injini," akasema. "Haiguswi, hata kama watu wanakaa gizani."

"Lakini Mzee, hizo zingine zikiisha si unasaidika na hii?"

"Na hii ikiisha utawasha injini na nini? Utaisukuma kama matatu?"

Nikaona. Betri ya kuwasha ikae peke yake, na zile mbili zingine zibebe taa, redio na vyombo vya kupima upepo na kina. Somo la pili nililijua tayari lakini sikuwahi kulifuata: betri ya namna hii haitaki kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara, inakufa kabla ya umri wake. Betri zetu mbili kwa pamoja zilikuwa za ampea mia mbili kwa saa moja, yaani zingeweza kutoa ampea moja kwa saa mia mbili. Tukakubaliana kwamba zetu za kutumia ni mia tu, na mia nyingine ni kama hazipo.

Halafu tukachukua daftari la shule. Binti akaandika kila kitu kinachokula. Taa ya mlingoti ampea mbili, kwa muda wa saa kumi na mbili, kwa hiyo ishirini na nne. Vyombo vya kupimia ampea moja, mchana na usiku, kwa hiyo ishirini na nne tena. Redio ya kusikiliza, nusu ampea. Taa ya dira, taa za ndani, redio inapotumika kuzungumza. Ukijumlisha yote unafika karibu sabini kwa siku. Sabini hizo ndizo injini ilipaswa kuzirudisha. Ukipata shida na hesabu hizi usijali, hata mimi binti alinieleza mara mbili.

Nilidhani injini ikinguruma kwa muda mrefu ndivyo betri inavyojaa. Sivyo kabisa. Ni kama kumimina maji kwenye mtungi wenye shingo nyembamba: mwanzoni unamimina kwa nguvu, lakini ukikaribia juu lazima upunguze, ama yamwagike. Betri iliyo nusu hupokea ampea thelathini bila kulalamika. Ikikaribia kujaa hupokea nane, halafu tano, na wewe unachoma dizeli bure. Kwa hiyo tuliamua injini ingurume kwa muda wa saa moja na nusu kila asubuhi, na muda kama huo kila jioni, na tusijisumbue kuijaza hadi pomoni.

Mwisho niliweka mita ya volti mahali mwalimu angeweza kuisoma bila kuinama. Binti alichukua rangi yake nyekundu ya kucha, akachora mstari mwembamba mahali pa nusu. Mshale ukiwa juu ya wekundu, sawa. Ukilala chini yake, hakuna safari.

Tulianza Ijumaa saa tatu asubuhi. Mlingoti haungeweza kusimama ndani ya stoo, kwa hiyo taa yake niliifunga kwenye boriti ya paa. Injini ilinyweshwa maji ya kuipoza kwa mpira kutoka kwenye pipa, na milango yote miwili tuliiacha wazi ili moshi utoke. Mzee ndiye aliyekuwa nahodha, na daftari likakaa kwake. Kila kitu kiliandikwa: saa ya kuwasha, saa ya kuzima.

Mwalimu alikuja Ijumaa alasiri. Akapanda ngazi, akasoma mita, akabonyeza kitufe cha redio ili betri zibebe mzigo, huku akiutazama mshale, akashuka. Jumamosi alikuja mara mbili, mara ya pili akiwa na karai la maharagwe mkononi kana kwamba alikuwa anapita tu. Mshale ulikuwa juu. Binti alianza kuniuliza habari za barabara ya Mombasa, kama lori litapita vizuri.

Jumapili sikwenda. Nilikwenda kanisani, nikafua nguo zangu, nikalala.

Jumatatu nilifika saa mbili asubuhi, nikawakuta wote watatu wamesimama chini ya mashua. Mwalimu alikuwa amekuja saa moja, kabla injini haijawashwa. Alikuwa amebonyeza redio na mshale ukalala chini ya wekundu.

"Fundi, panda uone," akasema.

Nikapanda nikaona. Ulikuwa chini kwa upana wa ukucha.

"Iko chini kidogo tu, Mwalimu."

"Nilisema chini. Sikusema chini sana."

Binti alikuwa amekaa juu ya gunia la kahawa, mikono mapajani, haangalii mtu. Nilichukua daftari. Jumapili asubuhi injini kwa muda wa saa moja na nusu. Jioni, kuwashwa saa kumi. Taa na vyombo kama kawaida. Nikajumlisha, nikajumlisha tena. Kwa hesabu ile betri zilipaswa kuwa na akiba nzuri. Kwa hiyo nilijua, au nilidhani najua, kwamba kosa ni langu. Mahali fulani waya wangu ulikuwa unavuja.

Nitakueleza jinsi uvujaji unavyotafutwa, kwa sababu siku moja utauhitaji. Unazima kila kitu. Unafungua waya wa betri, unaweka mita ya ampea katikati, kati ya waya na betri. Kama kila kitu kimezimwa na mshale bado unasogea, kuna kinachokula kwa siri. Unachomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mshale unatulia, njia yake ndiyo yenye kosa. Nilifanya hivyo tangu saa mbili hadi saa sita. Nilifungua hata viungo nilivyokuwa nimevifunga vizuri kabisa. Nilipangusa vichwa vya betri kwa kitambaa. Mshale haukusogea. Umeme haukuwa unavuja popote.

Mwalimu alileta chai ya saa nne akarudi jikoni. Mzee alikuwa nje akipogoa mikahawa ambayo haikuhitaji kupogolewa.

Saa sita nikashuka, nikamwambia binti, "Hesabu iko sawa na waya iko sawa. Hii betri imeliwa na nani?"

Akaangalia mlangoni kwanza.

"Fundi, jana kulikuwa na wageni."

"Wageni gani?"

"Wa kanisa. Kama thelathini. Walikuja kuombea safari."

Basi akanieleza. Walifika saa kumi na robo, injini ikiwa imewashwa robo saa tu. Huwezi kuwapokea watu wa kanisa kwa kelele na moshi, kwa hiyo mzee aliizima. Waliomba. Halafu mzee akawapandisha kwa zamu, sita sita, akawawashia taa zote za ndani, na taa kubwa za sitaha ili wasiteleze. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kusikia redio, akasikilizishwa. Kina mama wa kwaya walikuwa na kaseti yao mpya, ikawekwa kwenye redio-kaseti ya gari ambayo binti alikuwa ameifunga kando ya kitanda. Ilipigwa pande zote mbili, ikarudiwa. Waliondoka karibu saa moja na nusu usiku, na injini haikuwashwa tena.

Nikaenda kwa mzee kwenye mikahawa. Nilimwambia kwa upole, maana alikuwa rika la babangu.

"Mzee, hapa umeandika injini imewashwa saa kumi. Ya kuzima hujaandika. Mimi nimehesabu muda wa saa moja na nusu."

"Niliizima wageni walipofika."

"Na hizo taa? Na kaseti? Hakuna mahali umeandika."

Akaninyooshea mkasi wa kupogolea, si kwa hasira, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Fundi, wewe umelelewa wapi? Utakaa na kalamu uandike mgeni amekula nini? Mgeni haandikwi."

Kwetu pia ni hivyo. Mgeni akinywa vikombe vinne vya chai, hakuna anayejua ni vinne. Mzee yule alikuwa ameandika kwa miaka thelathini kila lita ya mafuta ya meli za wenyewe, lakini nyumbani kwake hakuweza kuandika kwaya.

Tulirudi stoo. Mwalimu alikuwa ameshafika, na binti alikuwa ameshamwambia. Nilitegemea angemgeukia mumewe. Badala yake alikuwa anaangalia kikombe.

"Ni mimi niliyewaita," akasema. "Nilitangaza kanisani. Nilikuwa jikoni nikipika chai ya watu thelathini, sikujua huku kumekuwa harusi."

"Sasa umeona," mzee akasema. "Ni wageni wako wamekula betri."

"Wageni wangu, na taa umewasha wewe. Ati sita sita, kama wazungu wa hoteli."

Binti akatumia nafasi hiyo. "Mama, lakini baharini hakuna wageni. Hii haingetokea."

Mwalimu akafikiri. Nilijua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua kila kitu, na nadhani yeye pia alijua, kwa sababu alikaa chini kwanza.

"Hakuna wageni," akasema. "Mtakuwa watu wanne. Mmoja atakuwa anatapika na wewe utamwachia taa asiogope. Mwingine ni rafiki wa baba yako, ni mtu mzima, atasema anataka kusikiza muziki kidogo, na baba yako hatamkataza wala hataandika. Huyo si mgeni?"

Akainuka, akamtazama binti.

"Mtaanza upya. Siku nne. Safari hii daftari litakaa kwako wewe, si kwa baba yako. Na wageni nitawaleta tena, bila kukuambia ni lini. Nataka nione ukiwaandika mbele yao."

Mzee alisema hiyo ni aibu. Mwalimu akamwambia aibu ataibeba yeye, maana wageni ni wake.

Walianza Jumanne. Siku ya pili alasiri kwaya ililetwa, na wanaume wawili wa kiwanda cha kahawa walioisikia kwa mbali wakafuata. Nilikuwepo. Binti aliwakaribisha vizuri, akawapandisha, akawasha taa za ndani na kuacha zile kubwa za sitaha, kwa sababu jua lilikuwa bado linaingia mlangoni. Kaseti ilipigwa. Kisha akatoa kalamu nyuma ya sikio lake akaandika mbele ya watu wote: kwaya, taa nne, kaseti, kuanzia saa tisa na nusu.

Mama mmoja akachungulia. "Unaandika nini, mwanangu? Majina yetu?"

"Naandika umeme, Mama. Ndio nijue injini nitaiwasha kwa muda gani mkienda."

"Aa. Basi andika pia nimeimba," yule mama akasema, wakacheka, na kaseti ikaendelea. Mzee peke yake ndiye aliyetoka nje.

Walipoondoka binti alijumlisha, akaona wamekula ampea kumi na nane, akaiwasha injini na kuongeza nusu saa juu ya kawaida. Asubuhi mwalimu alikuja saa kumi na mbili na nusu na kanga kichwani, akabonyeza redio. Mshale ulisogea kidogo, ukasimama juu ya wekundu. Ulisimama hivyo siku zote nne. Siku ya mwisho mwalimu alisoma mita, akashuka, akamwuliza binti kama ana sweta ya kutosha.

Lori lilikuja wiki iliyofuata. Mimi nilibaki na malori yangu. Walipomaliza mashindano, na hawakushinda, walikuwa wa saba au wa nane, binti alinipitia gereji akaniachia daftari nilisome. Siku ya tatu kulikuwa na mstari unaosema: Baba, muziki, kuanzia saa mbili kasoro robo. Chini yake ameandika saa ambayo injini iliwashwa, na saa ambayo ilizimwa.

Kama unaishi kwa betri, iwe nyumbani au kwenye chombo chochote, fanya hivi kesho. Zima kila kitu, acha betri itulie kwa saa moja, kisha ipime kwa mita ya volti. Ikisoma kumi na mbili nukta saba, imejaa. Ikisoma kumi na mbili nukta mbili, uko nusu: acha kutumia, washa injini, na uandike saa uliyoiwasha kabla hujaondoka pale.